Wacha Mgeni Aisakinishe Mwenyewe

Najua wengi wenu mmezoea kukuta hapa mashairi, vitendawili, na yale malumbano yasiyokwisha kuhusu nani bora, msichana au mvulana. Leo naleta jambo la kompyuta. Tafadhali usifunue ukurasa haraka! Nisemalo ni moja, nami nalisema tangu mwanzo bila kuzunguka mbuyu: kila mwanafunzi anayeanza kujifunza kompyuta anafaa kusakinisha mfumo endeshi huria kwa mkono wake mwenyewe, angalau mara moja, kabla hajamaliza shule. Asisakinishiwe na fundi. Asisakinishiwe na mwalimu. Asisakinishiwe na yule kijana wa kidato cha nne anayejiita profesa. Afanye yeye, pamoja na ugeni wake wote.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Mfumo endeshi ndio programu kuu inayoamka kompyuta inapowashwa na kuziamrisha nyingine zote. Ndio unaoiambia diski isome na skrini ionyeshe, na ndio unaoamua kila programu ipewe kumbukumbu kiasi gani. Wengi wetu tunaujua mmoja tu, Windows, kwa kuwa tuliukuta umo ndani ya mashine. Tukadhani ni sehemu ya mashine, kama usukani ulivyo sehemu ya gari. Kumbe sivyo! Unaweza kuondolewa, ukawekwa mwingine, na kompyuta ikachapa kazi kama kawaida. Huko kuweka ndiko kusakinisha, au kama tusemavyo mabwenini, kuinstoli.

Na huria je? Programu huria ni ile ambayo maandishi yake ya ndani, yale yaliyotungwa na mafundi wake, yako wazi kwa kila mtu. Mtumiaji ana ruhusa nne: kuitumia kwa kazi yoyote, kuchunguza inavyofanya kazi, kuwagawia wengine nakala, na kuirekebisha kisha kuwagawia wengine marekebisho yake. Fikiria ngano za bibi. Ngano ya Sungura na Fisi bibi alisimuliwa na mamake, na mamake akasimuliwa na wengine. Wewe ukiisimulia unatia chumvi yako, pengine fisi ukamgeuza mamba, na hakuna atakayekushtaki. Lakini hebu nenda kijijini utangaze ati kuanzia leo ngano ile ni yako peke yako, na kila anayetaka kuisimulia akulipe. Utachekwa hadi ujute kuzaliwa! Leseni iitwayo GPL, ambayo Mmarekani Richard Stallman aliitoa mwaka 1989, inasema jambo lilo hilo kwa lugha ya sheria: badilisha upendavyo, lakini ukiigawa, wape wengine uhuru uleule uliopewa wewe.

Stallman alikuwa ametangaza mwaka 1983 kwamba ataunda mfumo mzima wa namna hiyo, akauita GNU. Jina hilo kwa Kiingereza ndilo la nyumbu, yule yule tunayemwona kila mwaka akijitosa katika mto Mara, na hata nembo ya mradi huo ni kichwa cha nyumbu. Kufikia mwaka 1991 sehemu nyingi zilikuwa tayari, ila kiini cha mfumo kilikuwa bado. Ndipo akajitokeza mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, jina lake Linus Torvalds. Alikuwa na umri wa miaka 21. Mnamo Agosti 1991 aliwatangazia wenzake kwamba anaunda mfumo endeshi wa kompyuta yake ya nyumbani, akasema ni mambo ya kujifurahisha tu, hautakuwa mkubwa. Kiini chake kikaitwa Linux. Miaka miwili baadaye, mwanafunzi mwingine, Ian Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue kule Marekani, akaanzisha Debian, mkusanyiko wa kiini hicho na programu nyingine, ukiwa umefungashwa ili watu wausakinishe. Juu ya Debian, mwaka 2004, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akajenga Ubuntu, na juu ya Ubuntu, mwaka 2006, ikajengwa Linux Mint.

Nimewataja wanafunzi wale wawili kwa makusudi. Tunaposikia Linux, mara moja tunasema, "Ah, hiyo ni ya wataalamu, bwana." Mbona basi ilianzishwa na mtu aliyekuwa bado akienda darasani? Hakungoja shahada. Alinunua kompyuta Januari 1991, akaanza kuichokora ili aielewe, na kufikia Agosti akawa na kitu cha kuwaonyesha wenzake. Leo kiini kile kimo ndani ya kila simu ya Android. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 zilizo katika orodha ya zile zenye nguvu zaidi duniani zinaendeshwa kwacho. Kwa hiyo mwanafunzi anayejigamba kwamba hajawahi kutumia Linux, huku mfukoni (wakati wa likizo, bila shaka!) ana simu ya Android, anafanana na mtu anayesema hajawahi kula mahindi huku mkononi ameshika ugali.

Sasa, kwa nini nalileta jambo hili wakati huu? Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma za kawaida za bure kwa Windows 10. Mashine haizimiki siku hiyo, la hasha, ila haipati tena ile mitaji ya ulinzi iliyokuwa ikiletewa kila mwezi, labda mwenyewe ajiandikishe kwa mpango wa muda wa nyongeza. Kuhamia Windows 11 nako kuna masharti. Kompyuta iwe na kumbukumbu ya gigabaiti 4 au zaidi, nafasi ya gigabaiti 64, na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0. Tena si kila kichakataji kinachokubaliwa. Angalia mashine zilizo katika shule zetu nyingi, zile zilizoletwa na wafadhili zikiwa tayari zimetumika ng'ambo. Ngapi zitavuka mtihani huo? Nyingi zitaanguka. Na zikianguka, tunajua mwisho wake: zitafunikwa kitambaa, kisha zipelekwe stoo, kisha panya wajipatie makao.

Hilo ndilo linaloniuma. Mashine haijafa. Diski inazunguka, skrini inawaka, kibodi inaandika. Kilichozeeka ni ruhusa. Linux Mint inaridhika na kumbukumbu ya gigabaiti 2, ingawa 4 ndizo zinazopendekezwa, na diski ya gigabaiti 20. Kuna mwanafunzi anayekalia kiti kimoja na wenzake watatu mbele ya kompyuta moja, na hapo hapo stoo kuna nyingine kumi zinazokula vumbi. Huyo ndiye ninayemtetea.

Nami sisemi ya kusimuliwa. Mjomba wangu alikuwa na kipakatalishi chenye kumbukumbu ya gigabaiti 4, kimekaa juu ya kabati mwaka mzima. Fundi mmoja mjini alikitazama, akatikisa kichwa na kusema, "Hii imezeeka, mzee. Tafuta ingine." Nilipomwomba mjomba ruhusa ya kukijaribu, alicheka. "Chukua tu, mpwa wangu. Ikiharibika, si ilishaharibika?" Basi nikakichukua. Nitaeleza nilivyofanya, kwa ufupi, ili anayesoma aone kwamba njia ina mawe lakini haina simba.

Hatua ya kwanza ni kuokoa vilivyomo. Kipakatalishi kile kilikuwa na picha za harusi ya mjomba na barua za shamba. Nilinakili vyote kwenye diski nyingine, kisha nikafungua nakala hizo moja moja kuhakikisha zinafunguka. Nakala usiyoifungua si nakala, ni imani tu.

Hatua ya pili ni kupata faili la mfumo. Nilichagua Linux Mint, toleo la Xfce, kwa kuwa ni jepesi kwa mashine za zamani. Faili lenyewe ni karibu gigabaiti 3, na najua mtu atalia kuhusu bei ya bando. Lakini kumbuka ruhusa zile nne! Likishapakuliwa mara moja, shule nzima inaweza kunakiliana, na hakuna sheria inayovunjwa. Pamoja na faili hutolewa alama ya uhakiki yenye herufi na tarakimu 64. Kompyuta yako hukokotoa alama ya faili ulilopokea, kisha unalinganisha. Zikiwa sawa, faili limefika salama. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, pakua upya.

Hatua ya tatu ni kuliandika faili hilo kwenye flashi. Gigabaiti 8 zinatosha. Kunakili kama unavyonakili wimbo hakufai. Hutumiwa programu maalum, kama vile Rufus au balenaEtcher, inayoitayarisha flashi ili kompyuta iweze kuamkia humo. Kila kilichokuwamo kwenye flashi hufutika, kwa hiyo usitumie ile yenye mradi wako wa mtihani.

Hatua ya nne ni kuiambia kompyuta iamke kutoka kwenye flashi, si kutoka kwenye diski yake. Hapa wageni wengi hukwama, kwa sababu kila kampuni ina kitufe chake. Nyingine hutaka F12, nyingine F9, nyingine F2 au Esc, na ni lazima ubonyeze mara tu unapowasha. Ukichelewa sekunde chache, treni imeondoka. Zima, anza tena.

Hatua ya tano ndiyo niipendayo, nayo ni kuonja. Linux Mint huweza kukimbia yote kutoka kwenye flashi bila kugusa diski hata chembe. Unafungua programu, unasikiliza sauti, unajaribu kibodi. Ukiona hupendi, chomoa flashi uwashe upya, kila kitu kiko vilevile kama kilivyokuwa. Mimi nilipoonja niliona sauti ipo, skrini safi, lakini Wi-Fi haionekani kabisa. Moyo ulinienda mbio! Nilisoma, nikagundua kwamba baadhi ya vifaa vya Wi-Fi huhitaji kiendeshi ambacho kampuni iliyoviunda haikukiachilia huria, kwa hiyo hakiwi tayari ndani ya mfumo. Dawa yake ni simu. Ukiiunganisha kwa waya wa USB na kuiruhusu, simu huiazima kompyuta intaneti yake, kisha meneja wa viendeshi hukitafuta kile kinachokosekana na kukiweka.

Hatua ya sita ndiyo yenye meno. Kompyuta inakuuliza: niuweke mfumo mpya kando ya ule wa zamani, au nifute diski nzima? Chaguo la pili halina huruma, likishaanza halirudi nyuma. Ndiyo maana nikasisitiza ile hatua ya kwanza. Diski hukatwa vipande kama shamba linavyokatwa ploti, kila ploti na mwenyewe. Mgeni asome ukurasa huu mara tatu kabla ya kubonyeza. Baada ya hapo mambo ni mteremko. Unachagua saa kwa kubonyeza Nairobi kwenye ramani ya dunia, unaandika jina lako na nywila, unangoja. Mimi nilingoja kama dakika 40. Flashi ikachomolewa, kipakatalishi kikawaka, nikatengeneza ile Wi-Fi kwa waya wa simu, na tangu siku ile mjomba anaandikia humo hesabu za duka lake.

Sasa nirudi kwenye hoja. Mtu ataniuliza, kama fundi angeweza kuifanya kazi hii kwa nusu saa, kwa nini umtese mgeni? Nina majibu matatu.

La kwanza ni elimu. Darasani tumekariri kwamba mfumo endeshi ni programu inayosimamia rasilimali za kompyuta. Tunaiandika kwenye mtihani, tunapata alama mbili, tunasahau. Lakini aliyeketi mbele ya mashine isiyo na kitu ndani, akachagua ploti za diski, akaona kiini kikiamka, akakosa Wi-Fi hadi kiendeshi kilipopatikana, huyo hawezi kusahau kiendeshi ni nini. Mkono umemfundisha kichwa.

La pili ni kujitegemea. Ukisakinishiwa, siku mashine itakapogoma utarudi kwa aliyekusakinishia, na akihama mtaa umekwisha. Nimeona mashine nzuri zikifunikwa kwa sababu tu mtu mmoja aliyejua nywila aliondoka. Aliyeweka kwa mkono wake anajua kwamba hata mambo yakiharibika kabisa, anaweza kuanza upya kutoka kwenye flashi. Hofu humtoka. Na hofu, wenzangu, ndiyo inayowafanya wengi wetu kuishika kompyuta kwa ncha ya kidole kama tunashika sufuria ya moto.

La tatu ni uaminifu. Tusidanganyane: kompyuta nyingi mitaani zina programu za nakala ya wizi. Tunaziona kwa yale maandishi ya kudai leseni pembeni mwa skrini, au kwa vijiprogramu vya kuvunjia kufuli ambavyo mara nyingi huja na virusi mgongoni. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inakataza jambo hilo. Tunafundishwa kwamba kuiba kalamu ya mwenzako ni dhambi, halafu tunafundishwa Word ya wizi! Programu huria inamwondolea mwanafunzi maskini uchaguzi huo mchungu kati ya kukosa na kuiba. Anapata kilicho halali, tena akiwagawia wenzake anakuwa mkarimu wala si mhalifu.

Najua kuna wanaopinga, na hoja zao si za kupuuzwa.

Wako wasemao, "Na mtihani je?" Ni kweli kwamba karatasi ya vitendo ya somo la kompyuta hufanyiwa kwenye mashine za shule, na mtahiniwa anafaa azoee programu atakazozikuta siku hiyo. Sipendekezi tung'oe Windows kwenye maabara wiki mbili kabla ya mtihani, huo utakuwa wazimu. Nasema tuanze na zile zilizo stoo. Isitoshe, ndani ya Linux Mint huja LibreOffice, yenye programu ya kuandikia barua na ya majedwali, tena inaweza kufungua na kuhifadhi mafaili ya Word na Excel. Aliyejua kutunga fomula ya kujumlisha kwenye jedwali moja hatapotea kwenye jingine. Mpangilio wa nyaraka ngumu wakati mwingine huvurugika ukivuka kutoka programu moja hadi nyingine, hilo sikatai. Barua na insha zetu hazijafika ugumu huo.

Wako wasemao si kila kitu kitafanya kazi. Hao nao wana haki. Programu nyingi za kampuni ya Adobe hazikutengenezwa kwa Linux. Michezo mingine haichezeki. Printa nyingine ni kaidi kama punda. Anayetegemea kitu kimoja mahsusi, mathalani mwenye studio ya video, apime kwanza. Ndiyo faida ya ile hatua ya kuonja: unajua kabla ya kuoa.

Na wako wanaouliza, "Nikikwama nitamwuliza nani?" Hapa ndipo penye shida ya kweli, nami nataka tuitazame vizuri kwa sababu inatuhusu sisi wa Chama cha Kiswahili kuliko chama kingine chochote katika shule hii.

Maelezo ya Linux yapo tele, lakini mengi yameandikwa kwa Kiingereza, na yameandikwa na watu ambao wamesahau jinsi ugeni ulivyo. Mtaalamu hukuambia "pandisha diski" akadhani umeelewa. Mgeni anajiuliza, naipandisha wapi, juu ya meza? Anayeweza kuandika maelezo ya mgeni ni mgeni mwenyewe, akiwa bado anakumbuka alipojikwaa. Juma moja baadaye atakuwa amezoea na kusahau. Ndiyo sababu nyingine ya kusema mgeni asakinishe mwenyewe: ugeni wake ni mali, nayo huharibika haraka kama maziwa.

Tena tusidhani kwamba Kiswahili hakiwezi. Mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishirikiana na wenzao wa Uswidi walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyozungumza Kiswahili menyu zote. Hawakuomba ruhusa ya kampuni yoyote, kwa kuwa OpenOffice ilikuwa huria. Maandishi yake yalikuwa wazi, wakaingia, wakatafsiri. Kwa programu iliyofungwa ungelazimika kungoja mwenye mali aamue kama wasemaji wa lugha yako wana faida kwake. Kwa programu huria, lugha huingia pale wenyewe wanapoamua kuiingiza. Hata jina Ubuntu limetoka katika Kizulu na Kixhosa, ndugu wa Kiswahili. Ukiweka kando viambishi, hapo pana utu wetu ule ule. Wahenga walisema mtu ni watu. Inakuwaje basi tuuone mfumo wenye jina la nyumbani kama mgeni kutoka mbali, na tukimbilie kusema hatuuwezi?

Basi nina mapendekezo, na nawaomba mwalimu mlezi wa chama na mwalimu wa somo la kompyuta wayatazame kwa jicho la huruma.

Mosi, tuombe ofisi ituruhusu kutoa stoo kompyuta chache tu, hata tatu. Zisiguswe za mtihani. Faili la mfumo lipakuliwe mara moja, liandikwe kwenye flashi mbili, moja ya kazi na moja ya akiba.

Pili, kila mwanachama mpya asakinishe mwenyewe kuanzia kitufe cha kwanza hadi nywila. Mkubwa akae kando, mikono nyuma ya mgongo. Aruhusiwe kujibu maswali, asiruhusiwe kugusa kipanya. Najua hapo ndipo patakuwa pagumu kwa maprofesa wetu wa kidato cha nne! Mashine ikishakamilika, itafutwe, mwingine aanze. Diski haichoki kwa hilo.

Tatu, kila aliyesakinisha aandike ukurasa mmoja kwa Kiswahili: nilikwama wapi, na nilitokaje. Kurasa hizo zikusanywe ziwe kijitabu. Maneno yaliyotusumbua tuyalete kwenye mkutano wa chama tuyajadili. Mimi sijaridhika na ploti kwa vipande vya diski, ingawa nimeitumia hapa. Mwenye neno bora alilete. Vijitabu vya namna hiyo, na tafsiri za menyu, miradi mingi ya programu huria huzipokea kutoka kwa yeyote aliye na subira ya kuzifanya vizuri. Mwanafunzi wa Kikisii, wa Kipokomo au wa Kiturkana anaweza kuacha neno lake ndani ya programu itakayofunguliwa na mtu wa Kigoma au Bujumbura asiyemjua.

Nne, na hili ni onyo kwa wageni: usinakili amri yoyote uliyoipata mahali ukaibandika kwenye dirisha la amri bila kujua inafanya nini. Mfumo huria unamwamini mwenye nywila. Ukimwambia afute, atafuta, wala hatauliza kama umetafakari. Uhuru una gharama yake, na gharama ya huu ni kusoma kabla ya kubonyeza.

Nimemaliza, ila nina neno moja kwa wale wanaosema kompyuta ni ya wanafunzi wa sayansi, na Kiswahili ni cha wale waliokwepa hesabu. Wamekosea pande zote mbili. Mashine haitatujua mpaka tuizungumzishe, na hatutaizungumzisha kwa lugha yetu kama tunaogopa hata kuifungua. Anayeanza leo aanze na kile kipakatalishi cha mjomba, au cha shangazi, kilicho juu ya kabati. Aombe ruhusa, aokoe picha za harusi, achomeke flashi.

Mwenye hoja ya kunipinga, ukuta wa chama uko wazi na mkutano wetu ni kila Alhamisi. Kalamu naiweka chini.